Baiskeli tatu na mizinga ya Tanga

Saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, treni kutoka Moshi ilisimama kilomita 6 kabla ya kufika Tanga. Akashuka luteni kanali wa Kijerumani wa miaka 44, Paul von Lettow-Vorbeck, akamkuta Kapteni Baumstark amekusanya kombania zake palepale kando ya reli. Asubuhi ya jana yake Waingereza walikuwa wamejaribu kuingia mjini wakarudishwa, lakini Baumstark hakuamini kwamba mji ungeshikika wakija mara ya pili. Kwa hiyo alikuwa ameutoka na kubakiza doria chache tu. Adui yuko wapi sasa? Ameshaingia? Hakuna aliyeweza kujibu.

Mkuu wa jeshi lote la koloni alikuwa na watu wa kuwatuma. Akachukua baiskeli, akaenda mwenyewe.

Walikwenda watatu: yeye, Kapteni von Hammerstein na mtu mmoja wa kujitolea. Mwezi ulikuwa mpevu. Waliingia Tanga wakakuta barabara tupu, nyumba nyeupe za Wazungu ziking'aa kwa mbalamwezi. Wakashika njia ya bandarini. Pale, karibu kabisa na nchi kavu, meli zilizobeba askari zilikuwa zimewashwa taa tezi na omo, kelele zimejaa, watu wanajiandaa kushuka. Baadaye aliandika kwamba hapo alijuta sana: alikuwa na mizinga miwili tu, ya muundo wa mwaka 1873, na yote miwili ilikuwa bado njiani. Wakaendelea hadi Ras Kasone, tunapopaita leo Raskazone. Waliacha baiskeli hospitali ya serikali, wakashuka ufukweni kwa miguu, na mbele yao ikawa manowari ya Kiingereza. Wakati wa kurudi, hapohapo hospitalini, sauti ikawahoji kwa lugha wasiyoijua. Yaelekea alikuwa mlinzi wa Kihindi. Hawakumwona, na hawakukaa kumtafuta. Wakapanda baiskeli wakaondoka.

Anayeijua Tanga anajua kwamba kutoka bandarini hadi Raskazone ni mwendo wa kupunga upepo jioni. Kila nikipita njia ile huwa najiuliza swali moja: mlinzi yule angefyatua risasi, vita ya Afrika Mashariki ingekwendaje?

Kisa cha Tanga huwa kinasimuliwa kwa hesabu. Waingereza karibu 8,000, wengi wao Wahindi, upande wa pili watu 1,000 hivi, na wachache wakawashinda wengi. Ukikisimulia hivyo kinakuwa hadithi ya Daudi na Jaluti, na ujasiri unabaki kuwa jambo la kifua na misuli. Mimi nakisoma vingine. Sehemu kubwa ya ujasiri wa kamanda huyu ilikwisha kutumika kabla bunduki hazijalia tarehe 4, na ilitumika mahali pasipo na risasi: katika kuamua nani atabeba lawama.

Tuanze na bosi wake. Lettow alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Kisheria hakuwa mwenye kauli ya mwisho. Katika koloni la Kijerumani gavana, raia, ndiye aliyekuwa juu hata ya jeshi, na gavana alikuwa Heinrich Schnee. Huyu Schnee huwa anachorwa kama karani mwoga, na sidhani ni haki. Alikuwa na koloni kubwa kuliko Ujerumani yenyewe, na jeshi lisilozidi Wajerumani 300 na askari Waafrika 2,500 hivi, wengi wakiwa bado na bunduki za mwaka 1871 zinazotoa wingu la moshi kila ukipiga. Maji Maji ilikuwa imezimwa miaka saba tu iliyopita, na kila mtawala wa Kijerumani aliikumbuka. Miji ya pwani haikuwa na ngome ya kustahimili mizinga ya manowari. Tena mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wa makoloni ya bonde la Kongo na jirani zake kukaa nje ya vita ya Ulaya. Agosti, baada ya manowari Astraea kuipiga Dar es Salaam, yalifanyika mapatano: bandari za Dar es Salaam na Tanga zisitumike kivita, na Waingereza wasizipige. Kwa mtu mwenye dhamana ya miji na reli, hiyo ni akili ya kawaida kabisa.

Lettow aliona tofauti. Kwake koloni lilikuwa chombo cha vita ya Ulaya. Alijua hawezi kuwashinda Waingereza Afrika. Alichoweza ni kuwafanya walete huku askari, meli na risasi ambazo zingetumika Ufaransa. Kwa hesabu hiyo, kukaa kimya ndiyo hasara. Sikubaliani na hesabu yenyewe, maana watu wa nchi hii hawakuhesabiwa ndani yake, ila lazima ukiri kwamba alikuwa na jibu moja lililonyooka na kila alichofanya kilitoka humo.

Sasa mwezi Oktoba. Barua zilizonaswa na magazeti ya Kiingereza yalikuwa yakionyesha kwamba kikosi kikubwa kinakuja kutoka Bara Hindi. Lettow akaenda Tanga, akazungukazunguka kuangalia barabara, akakutana na mkuu wa wilaya, Auracher. Auracher alikuwa na tatizo la mtumishi wa serikali yeyote. Agizo la gavana lilikuwa mezani: kwa hali yoyote ile Tanga isije ikapigwa mizinga. Kupigana mjini maana yake ni kupigwa mizinga. Afanyeje?

Jibu la Lettow ndilo kiini cha kisa hiki kwangu. Alimwambia kwamba hatari ikija hatua zichukuliwe papo hapo, na matokeo yake atayabeba yeye, Lettow.

Hakumwambia apuuze amri; alimwondolea mzigo wa kuipuuza. Tofauti hiyo ilionekana asubuhi ya tarehe 2 Novemba. Manowari Fox iliingia bandarini na nahodha wake, Caulfeild, akatangaza kwamba mapatano yamekwisha na mji una saa moja ya kujisalimisha. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu majini. Auracher akasema imetegwa. Haikuwa na bomu hata moja. Akaomba nafasi ya kuwasiliana na wakubwa, akatoka, akapeleka simu ya maandishi Moshi, akavaa sare yake ya luteni wa akiba na kujiunga na askari. Waingereza wakapoteza muda wa thamani wakisafisha bahari isiyo na kitu, kisha wakaamua kushushia watu Ras Kasone, kwenye mikoko na majabali, badala ya gati la mjini.

Fikiria Auracher asiye na lile neno la Oktoba. Angeuliza kwa gavana. Gavana angejibu kama gavana. Saa moja ingeisha.

Lettow alipopata simu ile alikuwa Moshi, na hapo palikuwa na hatari nyingine inayosahaulika katika masimulizi. Waingereza walikuwa wakija pia kwa upande wa Longido, na walishambulia huko tarehe 3. Kupeleka kombania Tanga ni kuuvua Kilimanjaro nguo. Alimwacha Meja Kraut na watu wachache wahangaike na Longido, akaipa reli ya Usambara kazi iliyobaki. Reli hiyo nyembamba ya kilomita 350 hivi ilikuwa na mabehewa machache. Treni moja ilibeba kombania moja na mizigo yake, au mbili mizigo na wapagazi wakiachwa. Mizigo ikaachwa. Kraut aliistahimili Longido, na hilo lilikuwa limetegemewa zaidi kuliko lilivyojulikana.

Turudi alfajiri ya tarehe 4. Aliporudi kutoka matembezi yake ya baiskeli, Lettow hakuwa tena anakisia. Alijua adui anatua wapi, kwa hiyo atatokea wapi, na kwamba ubavu wake wa kushoto utakuwa unaning'inia ndani ya mashamba ya mkonge na mpira ambako kila mtu atamtafuta mwenzake. Akaweka kombania ya 6 ukingoni mwa mji upande wa mashariki, ipokee pigo. Nyuma yake kuliani akaweka nyingine, na mbali zaidi, kuliani kabisa, akaificha kombania ya 13 na bombomu zake, yaani bunduki za rashasha, isiguswe mpaka wakati wake. Kombania ya 4 ilikuwa bado ndani ya treni. Yaani sehemu ya mpango wa vita ya mchana ilikuwa inategemea behewa lifike kwa wakati.

Upande wa pili, Meja Jenerali Arthur Aitken alikuwa ametoka Bombay tarehe 16 Oktoba na vikosi ambavyo vingi havikuwahi kufanya kazi pamoja, watu wakiwa wamechoshwa na bahari. Mombasa walimpa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wanaolijua pori; akakataa. Aliamini Tanga haina ulinzi wa maana. Mchana, jua la utosi, aliwapeleka watu wake wakiwa mstari mmoja mpana kuingia kichakani.

Hapo mambo yalichafuka kwa pande zote mbili. Kikosi cha Kihindi cha Palamcottah kilivunjika mapema. Lakini Waingereza wa Lancashire na askari wa Kashmir walipenya wakaingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba, wakaiteka hoteli ya Deutscher Kaiser. Kombania ya 6 ikarudi nyuma. Kapteni Tom von Prince akapelekwa na watu wa kujitolea kuziba pengo, akafia hapo. Huyu ndiye yule Sakarani aliyepigana na Mkwawa. Shamba lake kule Usambara bado linaitwa Sakharani mpaka leo. Baadhi ya askari walianza kurudi, wengi wao wakiwa wa kombania changa. Lettow ameandika kwamba hakusahau namna Hammerstein, yule wa baiskeli, alivyopandwa na hasira akamrushia chupa tupu kichwani askari mmoja aliyekuwa anarudi nyuma.

Napenda kwamba aliiandika hiyo chupa. Picha za makamanda mashuhuri huwa zinaonyesha mkono ulionyooshwa mbele na farasi aliyetulia. Hapa kuna afisa wa makao makuu asiye na silaha nyingine ya kuzuia watu wasikimbie.

Na kisha nyuki. Watu wa Tanga, kama wa sehemu nyingi za nchi, walikuwa wametundika mizinga mitini humo mashambani. Lugha yetu inampa mwandishi zawadi hapa: Lettow alikesha akililia mizinga, na mizinga ikawa ipo juu ya miti, ila si ile aliyoizoea. Risasi zilipoipasua, nyuki wakatoka kwa hasira na kuwashukia Wahindi na Waingereza. Baadaye Uingereza ilisemwa kwamba Wajerumani waliwatega nyuki makusudi. Ni uongo mtamu. Nyuki hawakuwa na upande. Bombomu kadhaa za Wajerumani nazo zilinyamaza kwa sababu wapigaji walikuwa wamekimbia wakijipiga makofi.

Alasiri, Lettow alipoona mstari wa Waingereza umevutwa kuelekea mjini, akaitoa kombania ya 13. Bombomu zikaanza kufagia ubavu ule wa kushoto uliokuwa unaning'inia. Kombania ya 4 ikafika kutoka relini na kuingizwa papo hapo. Mstari wa Aitken ukaanza kukunjika kutoka pembeni, na kabla ya usiku mamia walikuwa wanakimbilia ufukweni.

Hapa msomaji anayependa mashujaa angeacha. Usiku huohuo palitokea jambo ambalo lingeweza kufuta kila kitu. Lilipigwa baragumu, likaeleweka vibaya, na sehemu kubwa ya jeshi lililoshinda likarudi nyuma hadi kambini magharibi ya mji. Kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa tupu tena, kama usiku uliopita. Lettow alikesha akihangaika kuwarudisha watu. Angekuwa Aitken amepanda baiskeli usiku huo, au angalau ametuma mtu wa kwenda kuchungulia, angeingia mjini anatembea. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameshaamua kurudi melini.

Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli kwa haraka kubwa, wakaacha bunduki zaidi ya 400, bombomu 16, risasi 600,000, simu za vitani na nguo. Lettow alizipa kombania tatu silaha mpya kwa ngawira hiyo, na bunduki za moshi zikaanza kuachwa. Waingereza walipoteza zaidi ya 800 kwa waliokufa na kujeruhiwa. Upande wa Wajerumani walikufa watu 70 hivi, zaidi ya 50 kati yao askari Waafrika. Aitken alirudishwa nyumbani na kushushwa cheo. London ilikaa miezi bila kuwaambia wananchi.

Kwa hiyo ushindi ule ulikuwa wa nani? Ukitoa uzembe wa Aitken, saa alizopoteza Caulfeild na bahati ya usiku ule wa baragumu, sioni jinsi watu 1,000 wangebaki Tanga. Lettow hakuumba makosa hayo. Alichofanya ni kujiweka mahali ambapo makosa ya mwenzake yangemfaa. Aitken alikuwa na watu mara nane na hakujua kilichoko mbele yake hatua mia tano. Lettow alikuwa na doria na baiskeli tatu, akajua. Kwa hilo simnyimi sifa.

Kuna kipande kingine cha ujasiri huo ambacho nashindwa kukisifu kwa urahisi. Alipinga agizo la gavana akijua kwamba akishindwa, mji utasambaratishwa. Fox iliurushia mji mizinga kweli. Wakazi wa Tanga walikuwa wamekimbia na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuuhatarisha mji wao kwa ajili ya vita ya Ulaya. Baada ya ushindi ule Schnee hakuweza tena kumzuia. Nani atamfunga mtu aliyeshinda? Vita ikaendelea miaka minne. Lettow alijisalimisha Abercorn, sasa Mbala, Novemba 1918, bila kushindwa kabisa, na Ujerumani ikampokea kama shujaa. Njiani majeshi yote mawili yalikula ng'ombe na nafaka za watu, hata Wagogo wakaipa njaa iliyofuata jina lake, Mtunya. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na Dar es Salaam imebaki na Kariakoo, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Tena kabla ya kuja kwetu Lettow alikuwa Namibia chini ya von Trotha, katika vita iliyowaangamiza Waherero na Wanama; ndiko alikoharibikiwa jicho. Mtindo wa uongozi wa mtu haukatwi kutoka kwa kile alichokuwa tayari wengine walipe.

Ila kisa hiki hakiishii Tanga. Miezi miwili na nusu baadaye Lettow aliurudia mchezo uleule. Januari 1915 alikusanya kombania tisa akazipeleka Jasini, pwani ya kaskazini karibu na mpaka, ambako Wahindi walikuwa wamejenga ngome ndogo. Akashambulia mbele moja kwa moja. Tarehe 19 ngome ilijisalimisha baada ya kuishiwa risasi, na Lettow akawapongeza maafisa wao na kuwarudishia panga zao.

Kwenye karatasi ulikuwa ushindi mwingine. Lakini risasi moja ilimtoboa kofia na nyingine mkono. Moja ya saba ya maafisa wake wa kudumu walikuwa wamekufa, na mmoja wao ni Hammerstein, wa baiskeli na wa chupa. Risasi 200,000 zilikuwa zimekwisha kwa ajili ya ngome ambayo hakuihitaji. Akapiga hesabu, akaona kwa akiba aliyonayo anaweza kupigana vita vya aina hiyo mara tatu tu, basi.

Akabadilika. Mtu aliyekuwa amefanikiwa Tanga kwa kuweka kila kitu mezani, akaacha kabisa kuweka kila kitu mezani, na sijui makamanda wengi waliojifunza hivyo kutokana na vita waliyoshinda. Kuanzia hapo kazi ikawa kuilipua reli ya Uganda kule nyika ya Voi. Aliyatuma makundi madogo kutoka Kilimanjaro kuvuka nchi isiyo na maji, yakitembea usiku, yamebeba baruti na viriba. Kundi moja lilikuwa na Mzungu mmoja au wawili, askari wawili hadi wanne, na wapagazi watano hadi saba.